Dijkstra: Jamaa aliyeitafutia data yako njia kabla hujazaliwa

Mwaka wa 1957, jijini Amsterdam, kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu alikuwa anafunga ndoa. Sheria ya Uholanzi ilimtaka bwana harusi aseme kazi yake. Akajibu kwamba yeye ni programa, yaani mtu wa kuandika programu za kompyuta. Wakuu wa jiji wakakataa katakata. Ati hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi cheti cha ndoa kiseme yeye ni mwanafizikia wa nadharia, na harusi ikaendelea.

Jamaa huyo aliitwa Edsger Wybe Dijkstra. Jina lake litamke Daikstra, na ile j usihangaike nayo. Alifariki mwaka wa 2002, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa au bado mnanyonya. Lakini kama umewahi kuuliza simu yako njia ya haraka ya kufika mahali, umegusa kazi yake. Ukituma meseji, inatoka kwa simu, inafika mnarani, kisha inaingia ndani ya mtandao wa kampuni. Huko ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba mashine zinazoipitisha zinachagua njia kwa hesabu aliyoibuni mwaka wa 1956.

Wacha nikupe stori yake. Ukiifuata vizuri utaona jambo moja ambalo watu wa teknolojia husahau kila siku: kasi haiji kwa mashine kubwa peke yake. Mara nyingi inakuja kwa kujua ni kazi gani huna haja ya kuifanya.

Mtoto wa Rotterdam

Dijkstra alizaliwa Rotterdam mnamo Mei 11, 1930. Babake alikuwa mwanakemia na mwalimu wa sekondari. Mamake alikuwa mwanahisabati, ingawa hakuwahi kuajiriwa. Kwa hivyo usitarajie stori ya mtoto wa mtaani aliyeomoka kutoka sufuri. Hesabu aliikuta nyumbani.

Hata hivyo, utoto wake haukuwa wa mteremko. Siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 10, ndege za Ujerumani zilipiga mabomu katikati ya jiji alimozaliwa, na Uholanzi ikakaa chini ya wavamizi hadi 1945.

Vita vilipoisha, kijana alitaka kusomea sheria. Ndoto yake ilikuwa kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Lakini alama zake za hesabu na sayansi zilikuwa juu sana, na wakubwa wakamshawishi asizitupe. Mwaka wa 1948 akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusomea hesabu na fizikia.

Mwaka wa 1951, babake aliona tangazo la kozi ya wiki tatu Cambridge, Uingereza, ya kufundisha watu kuandika programu za kompyuta. Akamlipia kijana wake aende. Dijkstra alienda akiwa na nia ya kuwa mwanafizikia bora zaidi, si kubadilisha kazi. Habari za kozi hiyo zikamfikia Adriaan van Wijngaarden, aliyeongoza kitengo cha kompyuta katika Kituo cha Hisabati, Amsterdam. Machi 1952, Dijkstra akaanza kazi pale kwa siku chache za wiki, huku akiendelea na masomo Leiden. Uholanzi ikapata programa wake wa kwanza.

Sasa sikia hii. Alipoanza kazi, kompyuta ya maana hapakuwa nayo. Wenzake wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa bado wanaziunda. Wao walishika vyuma na nyaya, yeye akashika programu. Walikubaliana kwanza kwenye karatasi mashine itaelewa amri zipi, kisha kila upande ukaenda kufanya yake. Dijkstra aliandika programu za mashine ambayo haikuwepo, bila njia yoyote ya kuijaribu. Ukikosea, hakuna kitu cha kukuonyesha kosa. Kwa hivyo alijifunza kufikiri hadi mwisho kabla ya kuandika, na tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Kufika 1955 akawa njia panda. Fizikia ilikuwa na heshima, ilikuwa na maprofesa, ilikuwa na jina. Programu zilikuwa na nini? Alimwendea van Wijngaarden na kumweleza shaka yake. Mkubwa wake akakubali kwamba bado hakukuwa na taaluma ya kuitwa hivyo, lakini kompyuta zimekuja kukaa, na pengine yeye ndiye angekuwa mmoja wa watu wa kuifanya iwe taaluma ya heshima. Kijana akatoka ofisini akiwa ameamua.

Dakika 20 mkahawani

Mwaka wa 1956 kituo kilikuwa kinazindua kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Wageni wangekuja, wengi wao si watu wa hesabu. Dijkstra alitaka kuwaonyesha mashine ikitatua shida ambayo hata mtu wa kawaida angeielewa. Akachagua hii: ni njia ipi fupi zaidi kutoka Rotterdam hadi Groningen? Alichora ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Kwa nini 64? Kwa sababu biti sita zinatosha kuipa kila mji namba yake.

Swali akawa nalo, jibu hana. Siku moja asubuhi alikuwa akizunguka madukani Amsterdam na mchumba wake, Maria Debets, ambaye watu walimwita Ria. Wakachoka. Wakaketi nje ya mkahawa wanywe kahawa. Pale pale, kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, akaipata njia nzima kichwani. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba kukosa kalamu kulimsaidia, kwa sababu ukiwa huna pa kuandika unalazimika kuepuka kila ugumu usio wa lazima.

Hebu tuifanye hapa kwetu ndio uielewe. Namba ni za mfano tu. Tuseme uko katikati ya jiji la Nairobi na unataka kufika Eastleigh haraka iwezekanavyo. Kutoka ulipo, Ngara ni dakika 5. Eastleigh moja kwa moja ni dakika 15. Andika hizo namba mbili. Mahali pengine pote weka alama ya kuuliza.

Hatua ya kwanza: chagua mahali penye namba ndogo zaidi. Ni Ngara, dakika 5. Hapo piga muhuri. Hutarudi tena kuangalia kama kuna njia fupi zaidi ya kufika Ngara. Kwani ungeipata wapi? Njia nyingine yoyote ingepitia mahali ambapo tayari ni mbali zaidi ya Ngara, na barabara haiwezi kukurudishia dakika.

Hatua ya pili: ukiwa Ngara, angalia majirani zake. Pangani ni dakika 5 zaidi, jumla 10. Andika. Sasa namba ndogo isiyo na muhuri ni hiyo ya Pangani. Ipige muhuri. Kutoka Pangani hadi Eastleigh ni dakika 4, jumla 14. Uliandika 15, sivyo? Futa, andika 14. Sasa Eastleigh ndiyo yenye namba ndogo kuliko zote zilizobaki. Piga muhuri, umemaliza.

Ni hivyo tu. Chagua walio karibu zaidi, piga muhuri, sasisha majirani, rudia. Lakini angalia kilichofanyika: hukujaribu njia zote. Miji 64 ina njia nyingi mno za kuunganika, huwezi kuzihesabu moja baada ya nyingine. Ule muhuri ndio siri. Kila unapoupiga, unatupa rundo zima la njia ambazo hutawahi kuzigusa.

Dijkstra hakukimbilia kuichapisha. Wakati huo wanahisabati hawakuona hatua za kompyuta kama hesabu ya kweli, na hata majarida ya kuzichapisha yalikuwa ya kutafuta. Ilitoka mwaka wa 1959 katika jarida la Numerische Mathematik, kurasa tatu pekee. Ndani yake mlikuwa pia na hesabu ya pili: namna ya kuunganisha sehemu nyingi kwa waya mfupi kuliko wote. Hiyo ilizaliwa na shida ya mkono, kwa sababu wenzake walitaka kupunguza waya wa shaba nyuma ya kompyuta yao iliyofuata, X1.

Ndevu, ufunguo na ulimi mkali

Mwaka huohuo wa 1959 alipata udaktari Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kisha yeye na Jaap Zonneveld wakaanza kazi ya kuifanya X1 ielewe lugha mpya ya programu, Algol 60. Inasimuliwa kwamba walikubaliana hakuna kunyoa ndevu hadi kazi iishe. Agosti 1960 ikaisha. Zonneveld akanyoa. Dijkstra akabaki na zake hadi kifo.

Mwaka wa 1962 alihamia chuo cha ufundi cha Eindhoven kama profesa wa hisabati. Huko yeye na kikundi kidogo wakajenga mfumo wa kuendesha programu nyingi kwa mashine moja. Shida ilikuwa hii: programu mbili zikitaka kitu kimoja kwa wakati mmoja, nani aanze? Kama umeishi kwenye ploti yenye choo kimoja, jibu unalijua. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari. Aliyeuchukua anaingia, wengine wanasubiri, akitoka anaurudisha. Dijkstra aliuweka ufunguo huo ndani ya kompyuta na kuuita semafori, jina la ishara za reli. Simu iliyo mkononi mwako inaendesha kazi nyingi kwa pamoja bila kugongana, na wazo hilo bado limo ndani yake.

Mwaka wa 1968 alizua ubishi mkubwa. Aliandika barua fupi kwa jarida la wanakompyuta la Marekani akipinga amri ya goto, ile inayoruhusu programu kuruka kutoka popote kwenda popote. Hoja yake ilikuwa kwamba programu ikiruka ovyo, binadamu anayeisoma hawezi tena kufuata iko wapi. Mhariri, Niklaus Wirth, ndiye aliyeipa kichwa kikali kilichoifanya iwe maarufu. Watu walikasirika. Leo lugha nyingi unazofunzwa hazikupi goto kabisa, au zinakuonya usiiguse.

Mwaka wa 1972 akapewa Tuzo ya Turing, ambayo watu wa kompyuta huilinganisha na Nobel.

Usidhani alikuwa mtu mtamu wa kukaa naye. Ulimi wake ulikuwa wembe. Alidharau lugha za COBOL na BASIC waziwazi, na wako waliomwona mwenye majivuno. Mhadhara ukimchosha, hakuficha. Lakini ukali huo aliuelekeza kwake mwenyewe pia. Karibu kila alichoandika kiliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, mwandiko safi kama wa kitabu. Alivipa namba, kuanzia herufi za jina lake, EWD, akatoa nakala chache na kuwatumia marafiki kwa posta. Marafiki wakatoa nakala zao, wakasambaza. Viliendelea hivyo hadi vikapita 1,300. Hiyo ndiyo ilikuwa blogu yake, kabla ya blogu.

Kurasa mbili zilizopuuzwa

Kuanzia 1973 alifanya kazi kwa kampuni ya kompyuta ya Burroughs akiwa nyumbani kwake Nuenen, kijiji kile alichowahi kuishi mchoraji Vincent van Gogh. Alikuwa anafanyia kazi kejani miongo kadhaa kabla watu hawajaifanya iwe kawaida.

Mwaka wa 1974 alichapisha makala ya kurasa mbili. Aliuliza swali geni. Chukua mashine zilizopangwa kwa duara. Kila moja inamwona jirani yake pekee, na hakuna mkubwa anayeona duara zima. Kwa kawaida, mashine moja tu ndiyo huwa na zamu. Sasa tuseme kila kitu kimevurugika: zamu ziko tano, kumbukumbu zimejaa takataka. Je, unaweza kuzipa mashine hizo kanuni ndogo, ambazo kila moja ikizifuata, duara litarudi sawa lenyewe, haijalishi lilivurugika namna gani?

Dijkstra alionyesha kwamba inawezekana, na akatoa kanuni zenyewe. Hakuna kuzima na kuwasha upya. Hakuna fundi. Mfumo unajiponya.

Makala hiyo ilipita kimya kimya. Karibu miaka kumi ikaisha bila watu wengi kuitazama, hadi Leslie Lamport, gwiji mwingine wa kompyuta, alipowaambia wenzake kwamba wamelalia dhahabu. Kumbuka hizo kurasa mbili, tutazirudia.

Udaku unaposhinda ramani

Huku nyuma, Marekani ilikuwa imewasha ARPANET mwaka wa 1969, mtandao uliozaa intaneti. Njia ya kwanza ya kupitisha data ilikuwa kama udaku wa mtaani. Kila kituo kilimwambia jirani yake: mimi nadhani naweza kufika mahali fulani kwa umbali huu. Jirani anaamini, anaongeza hatua yake, anampasha mwingine.

Habari njema zilienda mbio. Habari mbaya zilikwama. Laini ikikatika, kituo A kinasema kitapitia B, na B kinasema kitapitia A. Data inazunguka hapo katikati kama abiria aliyedanganywa na makanga wawili.

Mwaka wa 1979 wahandisi wa kampuni ya BBN, wakiongozwa na John McQuillan, walibadilisha mpango. Kila kituo kikaambiwa: acha kusimulia unachodhani. Sema tu hali ya laini zako mwenyewe, uwaambie wote. Kila kimoja kikapokea taarifa hizo, kikachora ramani nzima, kisha kikaifanyia hesabu ya Dijkstra kutafuta njia fupi. Mwaka wa 1989 wazo hilo likaandikwa kama kanuni ya wazi iitwayo OSPF, na hadi leo rauta za makampuni na vyuo vingi huitumia ndani ya mitandao yao. Hesabu iliyoanza na wageni wa sherehe Amsterdam ikawa inaongoza data duniani.

Simu zinapotembea

Rauta ya ofisini imefungwa ukutani. Haiendi popote. Lakini je, kama rauta zenyewe zinatembea? Fikiria waokoaji baada ya tetemeko la ardhi, minara yote imeanguka, na kila simu inapaswa kupitisha ujumbe wa nyingine, mkono kwa mkono. Hiyo ndiyo mitandao ya kompyuta inayohamahama, na hapo hesabu ya Dijkstra ilikutana na mtihani wake mgumu.

Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro. Ramani ndiyo iliyochacha. Umechora, mtu amepiga kona, laini imekatika, ramani ni ya uongo. Suluhisho la haraka ni kila mtu atangaze kila badiliko kwa kila mtu. Jaribu hivyo uone: simu zinaongea kuhusu njia hadi hakuna nafasi hewani ya kupitisha ujumbe wenyewe, na betri zinakufa. Kuweka betri kubwa kunaahirisha tu shida.

Oktoba 2003, mwaka mmoja na kidogo baada ya kifo cha Dijkstra, watafiti wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa, Thomas Clausen na Philippe Jacquet, walichapisha kanuni iitwayo OLSR. Fikiria umeandaa harambee na unataka habari ifike kwa marafiki wa marafiki zako. Ukiwaambia marafiki wako wote 20 wasambaze, mtu mmoja atapata ujumbe uleule mara kumi na tano. Lakini ukichagua watatu ambao kwa pamoja wanajuana na wote wa mbali, kazi inaisha kwa meseji tatu. OLSR inafanya hivyo. Kila kifaa kinachagua majirani wachache wa kusambaza habari, wengine wanasikiliza na kunyamaza. Ramani inafika kote kwa kelele kidogo, halafu njia fupi inatafutwa juu yake, na hapo kazi ni ya mzee wetu.

Wengine walichukua upande tofauti. Kanuni ya AODV, ya mwaka huohuo, haichori ramani kabisa. Inatafuta njia siku unapoihitaji tu. Simu zikiongea mara chache, inaokoa nguvu. Zikiongea sana, kila kutafuta upya kunakugharimu muda. Hakuna mshindi wa kila mahali.

Tena mwaka huohuo, watafiti wa chuo cha MIT waliokuwa na mtandao wa antena juu ya paa za nyumba walionyesha kosa lingine. Wengi walikuwa wanahesabu njia fupi kwa idadi ya mitupo. Mitupo michache, njia bora. Kumbe ukitaka mitupo michache, unaishia kuchagua ile mirefu, na mirefu ina mawimbi dhaifu. Data inapotea, inatumwa tena, inapotea tena. Mitupo miwili imara inashinda mmoja wa kubahatisha. Wao wakahesabu badala yake ni mara ngapi pakiti italazimika kutumwa hadi ifike. Mitandao ya jamii, kama ile ya wakazi wa Berlin na Vienna waliojiunganishia intaneti kwa antena za paani, ilitumia OLSR pamoja na kipimo cha aina hiyo.

Hapa ndipo unapoona nguvu ya kile kilichotokea mkahawani. Hesabu ya Dijkstra haijali namba zako ni za nini. Weka kilomita, dakika, shilingi, asilimia ya betri au pakiti zinazopotea. Mradi namba isiwe chini ya sufuri, itakupa njia ya gharama ndogo zaidi. Lakini haitakuambia gharama ni nini. Ukiipa kipimo kibovu, itakupeleka kwa usahihi kamili mahali pabaya. Sehemu hiyo ya kufikiri ni yako.

Na zile kurasa mbili za 1974? Mtandao wa simu zinazotembea huvurugika kila dakika, na hauna mkubwa wa kuurekebisha. Mfumo unaojiponya kwa kanuni ndogo, kila kifaa kikimwona jirani tu, ndio hasa watu walikuja kuuhitaji. Mwaka wa 2002 makala hiyo ilipewa tuzo ya kazi iliyoacha alama kubwa katika mifumo isiyo na kituo kimoja. Baada ya hapo tuzo yenyewe ikabadilishwa jina. Leo inaitwa Tuzo ya Dijkstra.

Mzee bila televisheni

Tangu 1984 Dijkstra alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, Austin, hadi alipostaafu 1999. Nyumbani hakukuwa na televisheni, na simu ya mkononi hakuwa nayo. Kwa miaka mingi hata kompyuta hakuitumia kwa kazi zake. Ilipokuja kuingia, ilikuwa hasa ya barua pepe na kutazama mtandao. Alipiga piano, akampenda Mozart. Likizo zilipofika, yeye na Ria waliingia ndani ya gari lao la Volkswagen, aina ya kombi, wakazuru mbuga za Marekani. Gari walilipa jina la utani la Touring Machine, mzaha juu ya mashine ya kinadharia ya Alan Turing.

Mapema 2002, akiwa mgonjwa, alirudi Nuenen. Saratani ilimuua Agosti 6, 2002, akiwa na miaka 72. Aliacha mke na watoto watatu.

Najua mtu fulani anasoma haya akisema yeye angekuwa programa lakini hana laptopu, au chuo kilimshinda karo. Mimi mwenyewe niliacha chuo njiani, kwa hivyo siwezi kukuuzia digrii, na sitakudanganya kwamba Dijkstra alikuwa hasla. Alikuwa na wazazi wasomi na babake alimlipia kozi. Lakini kitu alichokitumia siku ile Amsterdam hakikuwa mashine, wala hata kalamu.

Kwa hivyo fanya hivi leo. Chukua karatasi. Andika vituo kumi vya mtaa wako na dakika kati ya kila viwili vinavyopakana. Anza nyumbani, piga mihuri mmoja mmoja, fika unakoenda. Ukimaliza, badilisha dakika uweke nauli, kisha uanze tena. Ukiona njia imebadilika na ukaweza kueleza kwa nini, utakuwa umeelewa kitu ambacho mtu mwenye kompyuta ya bei ghali anaweza kukaa mwaka mzima bila kukielewa.